Chuma Kilikwenda Wapi

Shika ufunguo wa chuma kwa kiganja chenye jasho, kisha fungua mkono uunuse. Utakuta harufu ambayo mpaka leo sijui jina lake. Si nzuri, si mbaya. Iko karibu na damu, na karibu pia na bati lililonyeshewa mvua ya kwanza. Harufu hiyo ikinifikia, hata kama nimesimama mlangoni pangu na mizigo mikononi, narudi Kolwezi, mji wa migodi, papo hapo. Nina miaka kumi na mmoja, nimeketi darasa la sita, benchi la tatu upande wa dirisha, na nimeshika msumari.

Msumari huo tulipewa na mwalimu wetu, Sitwayeni Kalenga. Miaka ile ya Zaïre kila mtu mzima aliitwa sitwayeni, yaani mwananchi, na wanaume walikuwa wameacha tai. Koti la Sitwayeni Kalenga lilikuwa jeupe mabegani kwa vumbi la chaki. Alikuwa na tabia ya kutuuliza swali, halafu kutugeuzia mgongo na kutazama nje, kana kwamba jibu lingetokea huko, kwenye vumbi ambalo upepo wa kiangazi ulilibeba kutoka Kingamyambo, mahali ambapo mabaki ya mawe yaliyosagwa yalitupwa.

Jumatano hiyo aliweka mezani chupa yenye maji ya bluu. Hatukushangaa. Watoto wa Kolwezi tulijua mawe ya kijani na maji ya bluu kabla hatujajua kusoma. Alitupitishia msumari, kila mmoja aushike na kuunusa, ajue kwamba ni chuma. Kisha akaufunga kwa uzi, akautumbukiza chupani, akatuhesabisha mpaka mia moja, akautoa.

Msumari ulikuwa mwekundu.

«Imegeuka mukuba!» darasa zima lilipiga kelele. Mukuba ndiyo shaba, na shaba ndiyo ilikuwa baba wa kila nyumba ya mji wetu.

«Bon,» alisema Sitwayeni Kalenga. «Imegeuka? Juu ya nini, sababu gani, munasema imegeuka? Jumamosi kila mutu aniletee jibu na sababu yake. Jibu yenye haina sababu, mubaki nayo kwenu.» Akaturuhusu, wenye vichupa, kuchukua maji kidogo, akiapa kwamba atakayeyanywa atazikwa bila ngoma.

Njiani nilibishana na Zaina, rafiki yangu. Watu wa kwao walikuwa Waislamu waliotoka mashariki, wafanyabiashara, na baba yake aliendesha lori mpaka Dilolo mpakani.

«Ile ni rangi tu,» alisema Zaina. «Kama vile baba anapakaka kamyo yake rangi. Ndani inabaki chuma.»

«Hapana. Chuma imekuwa mukuba. Ukiiacha siku mbili itageuka yote, mpaka ndani.»

«Weye! Unabishanaka hata na mvua.»

«Na weye unaogopa kushindwa.»

Tulikubaliana kwamba atakayeshindwa atasimama mbele ya darasa na kutamka: mwenzangu alikuwa na haki, mimi nilikosea. Mtu mzima hawezi kujua uzito wa adhabu hiyo.

Kilichobaki kilikuwa kupata njia ya kuona ndani. Msumari haukatiki. Hapo nikakumbuka sindano ya mashine ya kushonea. Mama yangu alikuwa mshonaji, na mara kwa mara nilisikia sindano yake ikisema *tak!* na kukatika sawasawa, ndani kuonekana wazi. Sindano za mashine yake hazikupatikana madukani petu. Baba yake Zaina ndiye aliyemletea kutoka Dilolo, siku njia ilipomruhusu kufika. Wiki hiyo zilikuwa mbili: moja mashineni, ya pili koponi, imefungwa kitambaa chenye mafuta. Nilijiambia kwamba ile ya koponi haifanyi kazi yoyote, imelala tu, na kwamba masomo nayo yana haki zake. Nikaitia katika kichupa cha dawa ya kikohozi chenye maji ya bluu, nikakificha nyuma ya pipa.

Ijumaa, nilipokuwa nikifagia uani, nikasikia: *tak!*

Mama alikuwa akishona libaya, zile blauzi za kuvaliwa na kitenge, sita kwa jumla, za akina mama waimbaji. Walipaswa kuzivaa kwenye Misa ya Jumapili. Nne zilikuwa tayari zinaning'inia ukutani. Nilisikia kifuniko cha kopo kikifunguka.

«Kapinga. Sindano yangu iko wapi?»

Ningeweza kusema sijui. Lakini mikono yangu ilikuwa imekwisha kufika nyuma ya pipa. Nilimpa kichupa. Alikiinamisha pole pole, akaitoa sindano kwa kijiti. Haikuwa tena sindano. Ilikuwa kitu chembamba, kilichopinda, kama mwiba ulioliwa na mchwa, kimejaa tope jekundu. Alipoiminya kwa vidole ilivunjika bila sauti. Nje nyekundu, ndani nyeusi. Si mimi niliyeshinda, si Zaina.

Nilikuwa nimekaza mgongo kungojea kipigo. Mama alinitazama tu.

«Ulikuwa unatafuta nini?»

Nikamweleza yote: msumari, kuhesabu mpaka mia, rangi ya kamyo. Alisikiliza huku akitia uzi kwenye sindano ya mkono, maana libaya mbili zilizobaki zingeshonwa sasa kwa vidole, na mikono ya libaya hizo, ya mapuli, iliyofura na kukunjwa kunjwa, ilikuwa kazi ya kumchosha hata mwenye mashine. Alishona upande mmoja mzima wa bega. Halafu, bila kuinua macho:

«Lakini angalia. Kama iligeuka, ingebaki munene vile vile. Kama ni rangi, ingeongezeka. Hii imekonda. Ile chuma ilienda wapi?»

«Sijue, Maman.»

«Kitu hakipoteaki bule. Umuulize sitwayeni.»

Jumamosi wenzangu walitoa sababu zao. Mmoja alisema maji yalikuwa na dawa, mwingine alisema msumari uliona haya ukawa mwekundu, tukacheka. Zaina alieleza rangi yake vizuri sana. Zamu yangu ilipofika nilifungua karatasi yenye vipande vya sindano, nikasema: kama imegeuka, ingebaki nene, kama ni rangi, ingeongezeka, hii imekonda. Chuma kilikwenda wapi?

Sitwayeni Kalenga aliacha kutazama dirisha. Ilikuwa mara ya kwanza. Alikuja mpaka benchi langu, akainama juu ya karatasi.

«Nani aliuliza hii swali?»

«Mi,» nikasema.

Ni neno fupi sana. Lilitoka kabla sijalitazama.

Ndipo akatueleza kwamba shaba ilikuwa ndani ya yale maji tangu mwanzo, imeyeyuka, haionekani ila kwa rangi yake ya bluu; kwamba chuma kilishuka majini, na shaba ikatoka kukaa mahali pake, kama watu wanaopishana mlangoni. Akaamuru darasa linipigie makofi. Aliandika jina langu kwenye pembe ya ubao na kukataza mtu kulifuta wiki nzima. «Eh, profesa!» Zaina alininong'oneza, akanifinya mkono kwa furaha, maana hakuna kati yetu aliyelazimika kusimama na kutamka maneno yale.

Niliporudi, Mama alikuwa ameketi mlangoni na libaya ya mwisho mapajani. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na madoa.

«Sitwayeni alisema nini?»

«Hakusema kitu.»

«Ah,» alisema, akakata uzi kwa meno.

Kwa nini nilisema hivyo? Ninyi mnaonisoma labda mmekwisha kufahamu. Mimi ilinichukua miaka mingi. Kama ningemletea lile jibu, ningelazimika kuleta pamoja nalo yale makofi, na makofi hayakuwa yangu. Nikaona ni rahisi kuvificha vyote viwili.

Kila jioni tangu darasa la kwanza Mama alikuwa akiniuliza, «Leo bamewafundisha nini?» Nilidhani ananikagua. Nilijibu kwa kifupi, nikitazama mlango, kwa kuwa wenzangu walikuwa wakiningoja nje. Sikufikiria kwamba yeye mwenyewe alisoma miaka mitatu tu huko Kasai, kisha akaolewa, akapandishwa treni kumfuata Baba kwenye nchi ya shaba. Hakuwa akinikagua. Alikuwa akinituma shuleni kama unavyomtuma mtoto sokoni, naye akakaa mlangoni kungojea kikapu. Na mimi, kama watoto wote wanaotumwa, nilivila njiani vilivyokuwa kikapuni.

Nilimweleza haya nikiwa mama wa watoto wawili, siku moja nilipokwenda kumsalimu. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilisema yote, hata lile neno fupi. Alicheka mpaka akauweka ungo chini.

«Ile kichupa nilibaki nayo, mutoto. Niliiweka ku dirisha. Bluu yote ilikuwa imekufa, maji imekuwa na rangi ya majani. Hapo njo nikajua: chuma iko mu maji. Weye uliangaliaka sindano tu.»

«Basi ulijua jibu?»

«Nilijua. Na makofi nilijua. Zaina alipita kunielezea ile siku ile, kabla weye ufike. Alikuwa anaruka ruka.»

Miaka yote ile alikuwa akilijua, na jioni ile mlangoni, kidole kimefungwa, aliniuliza huku akilijua.

«Sasa juu ya nini uliniuliza, Maman?»

Aliuchukua tena ungo, akapuliza maganda.

«Nilitaka uniletee weye.»