Nilitaka kuendesha basi la Kondoa kwenye gemu, nusura niue dissertation ya mume wangu

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Dodoma, na sijatia chumvi. Ningetia ningejipendelea kidogo, maana humu ndani natoka vibaya.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mtumishi wa serikali, niko masijala. Ofisini naheshimika. Nyumbani mimi ni dereva wa basi.

Namaanisha gemu la kwenye kompyuta. Unapakia abiria, unakata kona, unapishana na malori. Nina miaka miwili barabarani na sijaua mtu. Mbuzi siwahesabu.

Mume wangu ni mwalimu wa Historia, anafundisha Kongwa. Anaondoka Jumatatu alfajiri, anarudi Ijumaa jioni. Laptop ni yake ila anaiacha nyumbani, kwa sababu chumba chake cha kule kiliwahi kuvunjwa.

Humo ndimo ilimokuwa dissertation yake ya Masters, kuhusu jinsi wazee wa Kongwa wanavyoyakumbuka yale mashamba ya karanga ya mkoloni. Amewafuata wazee kijiji kwa kijiji, na wawili kati yao wameshatangulia mbele za haki. Kazi ilitakiwa ikabidhiwe Jumatatu.

Sasa twende Jumatano iliyotangulia Jumatatu hiyo.

Nimetoka kazini mapema, watoto wako madrasa, nyumba kimya. Kwenye grupu letu la wapenda gemu la mabasi mtu katupia mod mpya, yaani nyongeza ya gemu inayotengenezwa na wachezaji wenyewe. Barabara ya Dodoma hadi Kondoa, na hata Haneti ya njiani imo.

Wakuu, mimi kwetu ni Busi. Barabara hiyo nimeipita nikiwa mgongoni kwa mama. Mnataka nifanyeje?

Maelekezo yalisema: kabla ya ku-install, zima antivirus, inaisumbua mod. Nikazima. Mimi huyu, ambaye nikikuta dirisha la ofisi limeachwa wazi naandika barua.

Nikabofya. Basi halikuja.

Mafaili yakaanza kubadilika majina, moja baada ya jingine, kila moja limeota mkia wa herufi zisizosomeka. Kisha kioo chote kikawa cheusi na maandishi yakatokea. Mafaili yako tumeyafunga, lipa ndani ya siku tatu kwa sarafu ya mtandaoni, la sivyo yasahau. Na walianza na "dear gamer". Mtu anakuibia huku anakuita mpendwa.

Ndiyo hiyo wataalamu wanaiita ransomware. Wanatulenga sana sisi wa gemu kwa sababu wanajua tukiambiwa tuzime ulinzi, tunazima.

Nikakumbuka kuwa mwalimu ana flash ya backup. Nikashukuru Mungu. Halafu nikaiona ilipo, imechomekwa pale pale ubavuni mwa laptop, maana huwa haichomoi eti isipotee. Nayo imefungwa yote.

Nilikaa sakafuni nikalia. Kugombezwa nimezoea. Kilichoniuma ni wale wazee wawili, kwamba maneno yao nimeyafuta kwa ajili ya basi la uongo.

Kesho yake nikamwendea kaka wa ICT ofisini, nikamwambia laptop ya jirani yangu imepatwa hivi na hivi.

Akasema, "Mwambie jirani azime intaneti, asilipe. Hata akilipa hana uhakika wa kurudishiwa. Asubiri kama wataalamu watatoa ufunguo, ila asikae akiutegemea." Nikageuka niondoke, akaongeza, "Na mwambie apunguze gemu."

Nikarudi kwenye meza yangu na aibu yangu, ndipo akili ikanifunguka. Supervisor wa mwalimu ni mtu wa kalamu nyekundu, hapokei kitu kwa email, anataka karatasi. Kwa hiyo kila sura imepigwa chapa mahali. Mahali penyewe ni Majengo, stationery ya Bi Hadija, karibu na wauza mahindi.

Na stationery zetu mnazijua. Ukishaacha faili lako pale, litabaki hadi Kiama.

Nikaazima flash tupu ofisini, nikadandia bodaboda.

"Shikamoo Bi Hadija."

"Marahaba mwanangu. Hiyo flash unaipeleka wapi?"

"Kwenye kompyuta, mama."

"Flash za wateja zinakaguliwa kwenye ile ya kule kwanza. Hii haiguswi."

Kumbe naye aliwahi kutekwa mafaili hivi hivi. Tangu hapo kila Ijumaa anakopi kazi zote kwenye disk, anaichomoa, anaifungia kabatini chini ya kanga. Mama wa makamo, hajasomea kompyuta popote, na ananizidi akili mimi niliyejazwa semina.

Tukatafuta. Barua za posa, CV, mikataba ya viwanja. Nikaona na barua ya bosi wangu ya kuomba uhamisho. Sikuifungua, jina la faili lilinitosha.

Mwisho tukaipata. MWL KARANGA MPYA KABISA 2. Sura zote tano na mahojiano ya wazee wote. Nilimkumbatia Bi Hadija mbele ya wateja.

Tatizo lilikuwa moja. Ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Masahihisho ya wikiendi mbili za mwisho hayamo.

Ijumaa nikapika kuku wa kienyeji. Mwalimu kaingia, kaangalia sufuria.

"Mama Salma, kuna nini?"

Nikamweleza yote, hadi Haneti.

"Mahojiano ya wazee?"

"Yapo."

"Sura tano?"

"Zipo. Ila masahihisho yako ya wikiendi mbili yamekwenda, baba Salma. Nisamehe."

Akakuna kichwa. Akaangalia ukuta.

"Hayakuwepo."

"Hayakuwepo vipi?"

"Nilikuwa nacheza gemu la mpira. Nilishafika nusu fainali."

Wakuu, wikiendi zote hizo mlango umefungwa, mtu anafanya masahihisho. Mimi nampelekea chai, nawanyamazisha watoto baba yao asisumbuliwe. Nimelia siku mbili kwa kazi ambayo haikufanyika.

Nilikasirika kama dakika tano hivi, halafu tukaangaliana, tukacheka mpaka kuku akaungua.

Jumamosi tukaazima laptop ya jirani, safari hii jirani wa kweli. Mimi nasoma kalamu nyekundu ya supervisor kwenye karatasi, yeye anachapa. Jumatatu ikakabidhiwa.

Nilichojifunza: mod ikikuambia uzime antivirus, hiyo siyo mod. Gemu na kazi visilale kompyuta moja, na ikishindikana basi gemu liwe na akaunti yake isiyo na ruhusa ya ku-install ovyo. Update msiziahirishe. Na backup iliyochomekwa muda wote siyo backup, ichomoe uiweke mbali.

Haya, karibuni mnicheke, na mliowahi kutekwa mtuambie mlijinasuaje. Mwalimu naye yumo humu ila ID yake ananificha. Akija kujitetea mtamjua tu, ataanza kwa kusahihisha uandishi wangu.