Risiti ya Abdia

Darmi alilijua lile gari kwa mlio kabla halijatokeza konani. Mwaka mzima limeshamtoka mikononi, na bado roho ilimuuma kila asubuhi likiingia soko la Garsen na madumu ya maziwa, Abdia kashika usukani, kavaa miwani ya jua. Miwani! Jua lenyewe bado halijapanda.

Probox ile Darmi aliinunua kwa mkopo. Ukame ulipowasukuma ng'ombe mbali, maziwa yakakosekana, malipo yakasimama, kampuni ya mikopo ikalichukua gari na kulipiga mnada. Abdia, muuza maziwa mwenzake, akalinunua, kisha akatangaza soko zima kwamba katoa laki nne taslimu.

"Laki nne za wapi?" Darmi aliwaambia wateja. "Kalipata bure yule. Anajishaua tu!" Aliapa hivyo mwaka mzima, na kila akiapa moyo ulimpoa kidogo.

Mvua iliporudi, na ng'ombe wakarudi, alikwenda kwenye Sacco kuomba mkopo wa gari jingine. Hulda, karani wa pale, alitazama kompyuta.

"Mama, CRB wana jina lako kwenye orodha ya wasiolipa. Deni lilikuwa laki tatu na themanini. Kampuni imeandika gari liliuzwa laki moja na tisini, kwa hiyo nusu bado unadaiwa. Bila kusafisha jina, hakuna mkopo."

"Na kama liliuzwa zaidi?"

"Tunapinga. Lakini niletee risiti ya mnada. Anayo aliyenunua."

Loo! Maneno yale yale aliyoyaita uongo mwaka mzima, sasa Darmi aliomba njia nzima yawe kweli.

Alimkuta Abdia akisuuza madumu, wanawake watatu kando yake.

"Dada Abdia, naomba nione risiti ya gari."

"Ya nini? Si nililipata bure?"

Wanawake wakaangua kicheko. Darmi akasema, "Nilikuzushia. Nilikuonea wivu."

Abdia alifungua gari, akaingiza mkono pale pale Darmi alipokuwa akiweka tasbihi yake, akatoa karatasi yenye mhuri. Laki nne.

"Niliuza ng'ombe kwa ajili ya gari hili," alisema. "Miaka mitatu ulinipita njiani, mimi na punda wangu, nikila vumbi lako. Kuna siku ulisimama?"

Darmi hakuwahi kusimama.

Hulda aliandika malalamiko, akaambatisha nakala ya risiti. Baada ya mwezi kampuni ikakiri kosa, ikamrudishia na elfu ishirini zilizozidi. Jina likasafishwa, mkopo ukatoka. Gari likapatikana, Probox nyingine, kuukuu kuliko ile.

Asubuhi ya kwanza, nje kidogo ya Garsen, alimwona Abdia kasimama kando ya njia, gurudumu limepasuka, madumu juani. Wallahi, Darmi alifurahi! Akakanyaga mafuta, akampita. Kwenye kioo aliona vumbi likimfunika Abdia mzima mzima, na miwani yake.

Akafunga breki. Akarudi kinyumenyume mpaka aliposimama mwenzake, akafungua mlango wa nyuma.

"Pakia madumu, maziwa yataharibika," alisema bila kumtazama. "Lakini hiyo miwani, dada, kwa gari langu utaivua."