Mwenzake wa Mbio Alijua Kabla Yangu

Admin, jina langu lisionekane, huku Embu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi mtaa wa Majimbo na mume wangu, mwalimu, na binti wetu mmoja wa miaka saba. Miaka mitatu sasa mume wangu ameingiwa na mbio ndefu. Kila wikendi anapanda milima ya Runyenjes na kikundi chao, na jioni hataki ugali, eti anapunguza uzito.

Mwaka jana akaanza kuchoka na kununa, kitandani ananipa mgongo tu. Mimi nikajua ni muguka, yale majani ya kutafuna, maana kwetu mwanaume akilegea, lawama ni ya muguka. Nilimpekua mifuko, nikamshtaki hadi kwa mchungaji. Mume wangu akavaa raba zake akaenda mbio.

Kumbe alishamweleza mwenzake wa mbio, dada mmoja muuguzi, mwembamba, hana mume wala mtoto. Ndiye aliyempeleka kwa daktari, akapimwa damu, homoni za kiume zikapatikana ziko chini. Sasa anadungwa sindano na nguvu zimerudi. Ningefurahi, lakini akinigusa namfikiria yule dada. Wivu unanila, siwadanganyi. Mambo ya kitanda changu, yeye ndiye aliyajua wa kwanza!

Wiki iliyopita nilipata karatasi ya daktari kwa begi lake, nikamuuliza.

"Mama Wawira, daktari alisema nipunguze mbio na nikule vizuri, inaweza rudi yenyewe. Ama nichukue sindano, lakini hiyo inaweza zuia mtoto."

"Na ukachagua sindano?"

"Mashindano ilikuwa imekaribia. Tuliongea na huyo dada wa mbio, tukaona ni sawa."

Tukaona! Yeye na nani? Binti yetu Wawira ana jina la mama mkwe wangu, kama desturi yetu. Anayefuata akiwa msichana ni wa mamangu, na mamangu amezeeka akingoja. Mwaka mzima nimekunywa mitishamba michungu nikitafuta mimba, nikidhani shida ni yangu, na hao wawili wanajua ukweli wakikimbia pamoja.

Nikimwambia aache, atasema ni wivu, na ni wivu kweli. Nataka nimwambie achague, mbio ama mtoto. Lakini alishachagua mara moja nikiwa sipo. Akichagua vile vile mbele ya macho yangu, nitafanya nini, ndugu zangu?