Fulana za Turubai kutoka Shiling

Siku yangu ya kwanza kazini Shiling, mji wa viwanda vya mikoba karibu na Guangzhou, meneja wa kiwanda alinipa mkasi na mkoba mpya kabisa, akaniambia niukate. Nilidhani ananitania. Kumbe mkaguzi haridhiki na sura ya nje. Huukata mkoba, akavuta uzi, akaangalia kama bitana imeshonwa au imebandikwa gundi tu. Nilikuwa fundi mikoba kutoka Mwanza, nimeajiriwa kuwa mkaguzi wa wakala Mtanzania aliyewanunulia wafanyabiashara wa Afrika bidhaa. Ofisi yake ilikuwa mjini, barabara ya Huanshi Zhonglu. Mimi nilipanda basi kila asubuhi kwenda viwandani.

Nyinyi mafundi wa leo vipimo mnaletewa kwenye kompyuta. Sisi tulitumia violezo, yaani makaratasi magumu ambayo kitambaa hukatwa kwa kuyafuata. Vilitundikwa ukutani kwenye misumari iliyopakwa rangi: nyekundu mikoba ya akina mama, njano ya safari, kijani ya shule. Aliyevitunza alikuwa mama mmoja wa makamo, mkimya, na ukuta ule ulikuwa wake. Hata laoban, yaani bosi mwenye kiwanda, alimwomba kwanza.

Mwaka wa misako mikali polisi walikuwa wakitusimamisha Waafrika barabarani kutaka pasipoti. Viza yangu ilikuwa imekwisha. Wakala aliichukua pasipoti yangu akasema ataishughulikia, na wiki hiyohiyo ikaja ile oda.

Kwenye karatasi iliandikwa mikoba ya michezo. Sampuli yenyewe ilikuwa fulana ya turubai yenye vifuko vinne kifuani. Nilipita jeshini ujanani, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa: mle hukaa magazini, vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki. Nchi ya mnunuzi ilikuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe, na hakuna mtu wa mtaani kwetu asiyejua. Nikajiambia askari naye lazima avae. Kazi niliifanya vizuri, siwadanganyi. Mabegani niliagiza mshono wa msalaba ndani ya mraba, ambao haufumuki hata mzigo uwe mzito vipi.

Mzigo wa kwanza ukaenda, malalamiko yakarudi. Fulana zinapwaya, vifuko vinagonga mapaja, mkanda wa kiuno unateleza.

"Hao watu wamekonda hivyo?" nikamuuliza wakala kwa simu.

"Njaa, mzee. Si vita hiyo? Wewe punguza tu."

Nikampelekea mama wa violezo vipimo vipya. Alivisoma, akaenda ukutani. Mkono wake ukapita misumari ya njano, ukasimama kwenye ya kijani. Akatungua kiolezo kimoja, akakiweka juu ya meza, tukapima. Mabega sawa, mgongo sawa. Nyuma ya kiolezo palikuwa na maandishi niliyoyazoea: mkoba wa shule, darasa la nne. Mama yule akaenda kunawa mikono.

Nilipanda basi la kwanza kurudi mjini.

"Hizi ni za watoto," nikamwambia wakala.

"Watoto? Mei you, mzee, hakuna kitu kama hicho. Oda inasema saizi S."

"Mikoba ya shule nimekagua miaka mitatu. Mgongo wa mtoto naujua."

Akafungua droo, akatoa pasipoti yangu, akaifunika kwa kiganja. "Jana polisi wamewabeba wawili hapo chini, umewaona mwenyewe. Barua ya viza naandika mimi, saini ya mkaguzi unaweka wewe. Kontena inafungwa Ijumaa."

Nilimfikiria mke wangu. Nikamfikiria binti yangu wa mwisho, aliyekuwa darasa la tano. Niliogopa, na woga ule sina jina jingine la kuupa.

Ijumaa nilikagua kama kawaida. Nilivuta nyuzi, nikajaribu bizimu za mikanda, nikakuta fungu moja mabega yameshonwa kwa haraka, nikalirudisha lishonwe upya. Mshono mbaya niliukataa. Oda sikuikataa. Nikasaini.

Nilikaa Guangzhou miaka mingine minne, kisha nikarudi nyumbani, na sasa ni mstaafu mwenye cherehani moja barazani. Shule zikifunguliwa, akina mama huniletea mikoba nipunguze mikanda. Sipokei kipimo cha kuandikwa. Nataka mtoto mwenyewe asimame mbele yangu, ageuke, niuone mgongo wake. Wanasema mzee huyu ni mwangalifu, nami nawaacha waseme.

Mwaka huu msichana mmoja aliushika mkanda niliomshonea, akauvuta kwa nguvu zake zote.

"Babu, huu hautakatika?"

Nikamwonyesha msalaba ndani ya mraba. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mshono huu haufumuki. Akauvaa mkoba wake, akaenda. Nami nilibaki pale na sindano mkononi, nikijua kwamba nimemwambia kweli, na kwamba popote zilipo zile fulana, mishono yake ya mabegani bado imeshika.