Neema Anakimbia Vibaya

Naikumbuka siku moja kwa miguu zaidi kuliko kwa kichwa. Mwanangu, weye bado hujazaliwa, na mama yako ndiye huyu asiyeweza kujibu darasani bila kuangalia chini. Lakini kwa kalamu siogopi, basi sikiliza.

Vijana wa avenue yetu hapa Bunia walikuwa wanapiga filme na telefone. Walitafuta msichana wa kukimbizwa na majambazi. Nilitaka ile nafasi mpaka ugali ukanishinda. Wakamchukua Neema, rafiki yangu, mwenye sauti, mwenye viatu vyeupe, mwenye kila kitu. Wivu, mwanangu, ni kuni mbichi: unaziwasha mwenyewe, na machozi ni yako.

Neema akakimbia. Kichwa juu, nywele zimetulia, anageuka nyuma kama ameitwa kupigwa picha. Majambazi wako karibu kumshika, yeye hata hahemi! Nikafurahi, nisikudanganye. Nikafurahi mpaka ikatoka mdomoni:

"Hakuna mutu anakimbia vile."

Patrick, mwenye telefone, akacheka. "Aka! Bubu anasema! Basi tuonyeshe weye."

"Muache," Neema akasema, "atajificha ndani ya kikwembe ya koko yake."

Nikakimbia. Sikuigiza kitu. Niliinama, mkono mmoja umeshika kikwembe nilichojifunga kiunoni, mwingine umeshika hewa, kama nilivyomshika mdogo wangu zamani, tulipokimbia vita kijijini upande wa Djugu. Sikugeuka. Anayekimbia kweli hana nyuma. Sapato moja ikanivuka mguuni, ikabaki barabarani, sikuirudia.

Koko, mama ya baba yangu, alikuwa anakaanga mandazi kando ya barabara. Aliyeumwa na nyoka akiona kamba hushituka. Hakuuliza. Aliacha mafuta motoni, akanikamata mkono, tukakimbia siye wawili mpaka ukuta wa parokia, na yale magoti yake hata kwenda misa yanalalamika.

"Koko, iko filme tu."

Akakaa chini, anahema. Nyuma yetu Patrick anapiga kelele: "Ile ndiyo yenyewe! Neema, toka, tumepata mukimbiaji!" Ndicho kitu nilichokuwa nakililia. Nikamtazama Koko ili tufurahi pamoja.

"Nani alikimbia mbele yako?" akauliza.

"Neema. Alikimbia vibaya."

"Vibaya namna gani?"

Nikamwonyesha, shingo na madaha yote. Koko akacheka sana, kisha akapanguza macho kwa ncha ya kikwembe.

"Ule mutoto, hakuna kitu kilimukimbizaka. Ndiyo maana hajui. Na weye unamucheka? Unamushinda kwa kitu chenye niliomba Mungu usikijue."

Nafasi ile nikaiacha. Neema akabaki kwenye filme, na avenue nzima ikacheka mbio zake. Mimi sikucheka. Mpaka leo ninamwonea wivu, lakini wa filme umekwisha. Ninaionea wivu ile shingo inayogeuka nyuma bila kuogopa itakachoona.

Basi, mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usijivune kwa kitu ulichofundishwa na woga, wala usimcheke ambaye woga haukumfundisha. Ukiwa na wivu, kwanza uliza wivu huo ni wa nini.

Na Mungu akupe barabara za kukimbilia mpira na mvua tu. Ukimbie vibaya, mwanangu, vibaya kama Neema, na mimi nikutazame toka mlangoni, nicheke mpaka nilie.