Karatasi Iliyoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Mimi napiga pasi. Kazi yangu ni kunyoosha walichoshona wenzangu, na mdomo wangu, wanasema, una moto kuliko pasi yenyewe. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani najitoa kwenye kosa nitakalolieleza. Nimo.

Fundi aliyekaa hatua mbili kutoka meza yangu tulimwita Futi, kwa sababu utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata akienda kununua nyanya. Bintiye wa miaka saba, mwembamba, tukamwita Uzi. Baba wa mtoto alishaondoka siku nyingi na hatumhitaji humu. Futi alikuwa na mtindo wake wa kupima: hakuandika kitu. Kila mteja alikuwa na kamba yake yenye mafundo, fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la urefu, na kamba zote zilining'inia kwenye misumari ukutani. Alijua ipi ni ya nani bila kukosea. Tulidhani ni mbwembwe za fundi mzuri. Miaka sita nilikaa naye chumba kimoja cha ushonaji, na mimi ninayejiona mjanja sikujiuliza hata siku moja kwa nini.

Mwaka ule Uzi aliingia darasa la kwanza. Shuleni kwao, muhula wa mwisho, kila Ijumaa mtoto alipewa karatasi ya kazi za nyumbani za wiki, azifanye na mzazi wake, airudishe Jumatatu. Mwalimu alishawatangazia wazazi kwamba mtoto asiyefanya kazi hizo hatavuka kwenda la pili.

Futi hakujua kusoma. Leo nalisema wazi, lakini wakati ule ilikuwa siri yake peke yake, nayo ilikuwa inamla. Ijumaa ikifika hakuweza hata kula. Aliikunjua karatasi, akaangalia picha, akabahatisha. Moja ilikuwa na kikombe na ndoo. Akamfundisha mtoto kuosha vyombo mpaka vikang'aa. Kumbe walitakiwa kuhesabu vikombe vingapi vya maji vinajaza ndoo. Nyingine ilikuwa na majani ya miti. Wakafagia uwanja wote. Kumbe walitakiwa kuyapanga majani kwa ukubwa, dogo hadi kubwa. Uzi alifanya kila alichoambiwa, kimya, Jumatatu akairudisha karatasi tupu.

Siku moja Futi alikuja mezani kwangu na karatasi mkononi.

"Dada, hebu niangalizie hapa pameandikwaje. Macho yananiwasha leo."

"Macho yanayotunga sindano gizani," nikamwambia, "leo yameshindwa na herufi kubwa kama vifungo vya koti? Nunua miwani, bibi."

Mafundi wenzetu wakacheka. Futi naye akacheka, akaikunja karatasi, akarudi kwenye cherehani yake. Kile kicheko chake mpaka leo kinanikata maini.

Karatasi ile ndiyo iliyomponza. Ilikuwa na herufi zilizochorwa kwa nukta nukta, mtoto apitishe penseli juu yake. Lakini muulize fundi cherehani yeyote, mstari wa nukta maana yake nini. Maana yake shona hapa. Kwa mara ya kwanza Futi aliona kitu anachokielewa, akafurahi, maskini. Jumapili alimpakata mtoto mbele ya cherehani, akatia uzi mwekundu, wakazishona herufi zote, Uzi akigeuza karatasi na mama akikanyaga. Mshono ulikuwa safi, hakuna kona iliyopinda.

Jumatano akaitwa shuleni.

"Twende wote, dada," aliniomba. "Wewe unajua kuongea."

Nikaenda na domo langu. Mwalimu alikuwa msichana mwenye chaki hadi kwenye nyusi, sauti imemkauka kwa watoto themanini na wawili. Alipanga mezani karatasi tisa tupu, kisha ile ya kumi, yenye uzi.

"Mama, mnanitania?"

Futi aliugusa mshono kwa kidole.

"Jina la mtoto limo kwenye orodha ya wanaorudia darasa," mwalimu akaendelea. "Orodha iko kwa mwalimu mkuu tangu jana. Nampa nafasi moja. Akinisomea karatasi hii mpya, nakwenda kumwombea. Akishindwa, basi."

Akamsukumia Uzi karatasi. Mtoto akaitazama, kisha akamtazama mama yake.

"Sijui," akasema.

Lakini kidole chake nilikiona. Kilitembea taratibu mpaka mwisho wa mstari, kikashuka, kikaanza mstari wa pili upande wa kushoto. Asiyejua kusoma hafanyi hivyo. Nikamgeukia Futi, naye alikuwa anakiangalia kidole kile kile. Herufi hazijui, lakini mikono anaisoma.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake. Futi akajikaza kisabuni, akauvua utepe shingoni, akauzungusha kiganjani.

"Mwalimu, asiyejua ni mimi. Sijasoma. Hizo zote ni mimi niliyemwambia afanye hivyo."

Mimi niliyeletwa kuongea nilikosa hata neno moja.

"Na wewe ulijua zimeandikwa nini?" mwalimu akamuuliza Uzi.

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akaanza kulia. "Ningefanya vingine, mama angejua kwamba nimejua hajui."

"Soma, mwanangu," Futi akasema. "Mama yako haoni haya tena."

Uzi akapangusa pua, akasoma bila kukwama. "Kazi ya wiki hii. Mwombe mzazi akusimulie siku yake ya kwanza shuleni." Hapo akainua macho kwa mama yake.

"Sikuwa nayo," Futi akajibu, kama vile ameulizwa kweli.

Mwalimu akatoka mbio kwenda kwa mwalimu mkuu. Aliporudi hatukuhitaji kumuuliza. Mkuu alisema orodha imeshapitishwa, na mtoto hana alama hata moja ya kazi za nyumbani. Tulirudi kwa miguu, Futi mbele, anatembea kama mgonjwa, Uzi amemshika sketi. Nilisema pole mara nyingi mno mpaka akaniomba ninyamaze.

Januari Uzi alirudi darasa lile lile, na watoto wadogo kuliko yeye. Karatasi za muhula wa mwisho ni zile zile za mwaka jana. Ijumaa anasoma, mama anasikiliza, wanajaza ndoo kwa vikombe. Wiki iliyopita ikaja ile ya nukta. Uzi alikuwa ameshaimaliza ya kwake. Akachora nyingine kwenye karatasi ya kukatia mitindo, akamwekea mama yake penseli mkononi. Mkono ule unaokata suti bila kupiga chaki ukairusha penseli nje ya nukta.

"Polepole, mama," Uzi akamwambia. "Hata mimi mwaka jana nilianza hivyo."

Niligeuka nikaendelea na pasi yangu. Swali lile pale mezani kwangu lilihitaji jibu la nusu dakika, na mimi nililigeuza kichekesho. Mtoto amelilipia mwaka mzima.