Meza ya Mnada

Jumapili iliyopita niliona namba ya kutolea sadaka kwa simu imebandikwa kando ya madhabahu, nikageuka haraka kutazama mlangoni. Nina wasiwasi huo tangu mchana mmoja wa utotoni, kanisani kwetu karibu na Irente.

Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa ametusimulia jinsi Yesu alivyopindua meza za wafanyabiashara hekaluni. Tulipotoka nje, wazee walikuwa wakinadi sadaka za mazao: kabichi, matunda ya plamsi yaliyonukia, na mayai ya bibi yangu. Langoni alisimama mgeni mwenye ndevu, viatu vimejaa vumbi, akiikazia macho meza ile. Nikakimbia kuyakinga mayai kwa mikono.

"We mtoto, toka hapo!" mzee wa mnada alifoka. "Unataka kuyaatamia?"

Watu wakacheka. Mgeni akasogea.

"Shikamoo," nilimwambia. "Usipindue, ni ya bibi."

"Marahaba." Akayanunua yote, akamrudishia bibi kama zawadi. Nilichungulia viganja vyake kutafuta makovu ya misumari, nikaona grisi tu.

Leo najua alikuwa dereva wa lori la mboga kutoka Mombo. Lakini namba ile ya simu inanitia shaka. Yesu akija sasa, hatakuta meza ya kupindua, wala mayai ya kumrudishia bibi.